Kiungo wa Hatua Kumi na Tano

Kwa misimu sita nililipwa mshahara wa kucheza kiungo wa kati, na katika misimu yote hiyo sikuwahi kuliona goli nikiwa katikati ya uwanja. Nilijua lilipo, kama unavyojua choo kilipo nyumbani kwako umeme ukikatika. Macho yangu yaliishia hatua kumi na tano. Ndani ya hatua hizo niliona kila kitu, hadi kamba ya kiatu iliyolegea. Kuanzia ya kumi na sita watu waligeuka kuwa rangi, na rangi zilikimbia.

Nilianza kuficha nikiwa darasa la sita, kwa kukaa dawati la mbele na kujifanya napenda hesabu. Hadi nafika chuo kikuu nilikuwa nimebobea: ubaoni sioni, nanakili kwa jirani, kisha kwenye mtihani nampita jirani. Uwanjani nilifanya vivyo hivyo. Kwa kuwa sikumwona winga wa ng'ambo, sikumpa mpira. Nilimpa aliye karibu, nikasogea, akanirudishia, nikampa mwingine aliye karibu. Mashabiki wakaupenda mchezo huo. Watangazaji wa redio wakasema nina utulivu, sipotezi mpira, nina macho kisogoni. Ningeyashukuru sana hayo ya kisogoni, maana ya mbele yalikuwa likizo. Na kwa kuwa nilikuwa na shahada wakaniita Msomi, na kila pasi fupi niliyoitoa kwa woga ikahesabiwa kuwa ni akili.

Wachezaji wengi huogopa kabla ya mechi, na filimbi ikilia woga unawatoka. Wangu uliingia na filimbi. Kipa akipiga mpira mrefu nilisikia kishindo cha mguu wake, kisha kimya, mpira umepotea angani kama umenyakuliwa na mwewe. Nilitazama shingo za wenzangu nijue unashukia wapi. Wakiinua videvu upande wa kulia, nakimbilia kulia. Wakinitazama mimi, naanza kusoma dua. Mara mbili mpira ulinishukia utosini bila taarifa, na mara zote mbili jukwaa lilishangilia kwa kudhani nimeruka kupiga kichwa.

Utauliza kwa nini sikutafuta miwani hata ya kutembelea tu. Siku moja nilijipa moyo nikaingia duka la miwani pale Kariakoo. Kabla sijakaa, muuzaji akapaza sauti:

"Msomi! Karibu sana, kaka! Umemfuatia mama miwani ya kusomea?"

"Ndiyo," nikasema.

Nikamnunulia mama miwani ya kusomea. Ningefanya nini? Kariakoo ukimwambia mtu jambo asubuhi, Buguruni wanalipokea kabla ya adhuhuri likiwa limeshaungwa nazi. Na mchezaji asiyeona ni mchezaji asiye na kazi. Lenzi za kupachika machoni nilizisikia, lakini mimi ni mtu ambaye hata dawa ya matone nashikiwa kichwa.

Aliyenigundua ni mmoja tu, kiungo mkabaji wetu, mtu wa Mtwara, mkubwa kwangu kwa miaka minne, mwenye sauti ya mnadi mitumba. Alinifuata baada ya mazoezi akaniambia nisimame nilipo, akaenda hadi kwenye kibendera cha kona, akainua mkono.

"Vidole vingapi?"

"Vitatu," nikajibu kwa ujasiri.

"Sijanyoosha hata kimoja, Msomi. Nimekunja ngumi."

Nilidhani atakwenda kwa kocha. Badala yake alikaa chini kwenye majani, akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaacha kucheka ghafla. "Kwa hiyo wewe misimu yote hii unacheza gizani?" Nikamwambia si giza, ni ukungu. "Basi kaka, kuanzia leo nitakuwa naongea."

Akaongea kweli. Dakika tisini mfululizo nyuma yangu: "Mtu mgongoni! Geuka, uko peke yako! Kushoto, kushoto kwako! Rudisha, rudisha!" Waamuzi walimwonya kwa kelele. Wapinzani walimwambia afunge mdomo anawatia kichefuchefu. Mimi nilimsikiliza kama abiria anavyomsikiliza kondakta katika mji asioujua, na ndipo nikacheza mpira wangu bora. Hata timu ya taifa iliniita kambini mara moja. Nilisingizia nyama za paja, maana yeye hakuitwa.

Basi ulipofika msimu wa mwisho wa mkataba wangu, klabu ikapata mwenyekiti mpya, mzee mpole mwenye maduka ya vitenge, aliyekuwa amesafiri na kuona timu za wenzetu zinavyoendeshwa. Alitangaza kwamba hakuna atakayeongezewa mkataba kabla ya kupimwa afya: moyo, magoti, damu na macho.

Usiku ule sikulala, na uliofuata pia. Nilikuwa naishi na mama kwenye nyumba ya babu, mojawapo ya zile chache za chini zilizobaki kati ya maghorofa, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Mama alikuwa akiuza udi, ubani na viungo vya pilau. Mshahara wangu ulikuwa umetengeneza paa na kumlipia meza ya biashara sehemu nzuri. Yeye hakuwa na habari ya macho yangu. Alijua tu kwamba mwanawe anasahau kuamkia watu barabarani, na alinikaripia kwa hilo kila Ijumaa.

Siku ya kupimwa tulipangwa foleni kwenye korido ya jengo la klabu. Mkabaji alitangulia. Alitoka baada ya dakika chache, akanishika bega na kunivuta hadi kwenye ngazi.

"Sio herufi," alininong'oneza. "Ni kitu kama uma wa meno matatu. Unaonyesha kwa mkono meno yameelekea wapi. Mstari wa juu mmoja, kulia. Wa pili: juu, chini. Wa tatu: kushoto, kulia, juu. Haya sema."

Nikasema. Akanipa wa nne na wa tano. Nilivikariri vile vitu kwa dakika kumi, mkono ukienda juu na chini kwenye ngazi kama nafukuza nzi, na mchezaji mmoja wa akiba aliyepita aliniuliza kama hiyo ni namna mpya ya kupasha misuli. Shahada yangu sikuisomea hivyo.

Daktari alikuwa mtu mzima mchovu aliyeazimwa kutoka zahanati ya jirani. Alinipa kijiko cha plastiki nizibe jicho la kushoto. Ukutani niliona kitu cheupe, basi. Nikaanza: kulia; juu, chini; kushoto, kulia, juu. Nilifika mwisho bila kosa.

"Jicho la pili," alisema. "Anzia chini kwenda juu."

Nilikuwa nimekariri kwenda mbele tu. Nikawa nairudia mistari yote moyoni toka mwanzo kila nilipotaka kuutoa ule wa mwisho, mkono wangu ukisubiri hewani, jasho likitiririka hadi kwenye kijiko. Daktari hakuniharakisha. Alikuwa akiangalia simu yake. Nilipomaliza alisema, "Uko makini sana," akaandika kwenye fomu: macho mazima. Akagonga muhuri.

Nilipewa mkataba wa miaka miwili. Mama alichinja kuku. Mimi nilikula huku nahisi ule muhuri umegongwa mahali fulani kwenye mbavu zangu, na sikujua bado kwa nini unaniogopesha kuliko kutokuwa nao.

Wiki tatu baadaye nikajua. Mkabaji wetu alikusanya kadi tatu za njano, mojawapo kwa ajili ya mdomo wake, yaani kwa ajili yangu, akafungiwa mechi moja. Mechi yenyewe ilikuwa ya kuamua nani abaki ligi kuu na nani ashuke. Nilimwambia kocha paja linaniuma. Kocha akaniambia hata kama mguu umekatika nitacheza na uliobaki.

Jezi zetu zilikuwa za njano, ila mfuliaji wa timu alizifua kwa sabuni kali msimu mzima mpaka zikawa rangi ya maziwa ya chai. Wapinzani walivaa nyeupe. Saa kumi jioni, jua likiwa upande wa goli letu, mimi niliona uwanja mzima umejaa watu wa timu moja. Nyuma yangu palikuwa kimya. Mwenzangu aliyepangwa nafasi ya mkabaji alikuwa muungwana, hasemi mpaka asemeshwe.

Nilijificha dakika themanini. Naijua kazi hiyo: unakimbia sana, unanyoosha mkono kuomba mpira wakati ambao huwezi kupewa, unafunga kamba za viatu. Tulikuwa sare bila goli, na sare ilitutosha. Kisha mpira ukanijia miguuni peke yake, kama mbwa aliyekosa mwenyewe. Nikasikia mtu anakuja kwa kasi. Nikageuka kuelekea goli letu ili nimrudishie beki wetu wa kati, jitu refu la upara. Nikamwona pale ukunguni, mrefu, ana upara, amesimama vizuri peke yake, ameninyooshea mkono. Nikampa. Pasi ilikuwa safi, pengine ndiyo safi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Alikuwa mshambuliaji wao.

Sikuliona goli likiingia. Nililisikia upande mmoja wa uwanja. Upande wetu sauti moja ikaanza, ikapokewa na jukwaa zima: "Ameuza! Ameuza! Ameuza!"

Kwetu mchezaji akikosea pasi, hatusemi amekosea. Tunasema amelipwa. Naelewa, hata mimi nikiwa kijana pale kijiweni niliwahi kumhukumu kipa mmoja kwa kosa hilo hilo, kahawa mkononi, bila ushahidi wowote. Lakini kwa kipa yule watu waliweza kubishana: labda jua, labda mkono uliteleza. Kwangu mimi hapakuwa na la kubishaniwa. Kesho yake tu kijiweni walijua kwamba Msomi alipimwa macho wiki tatu zilizopita akaonekana mzima kabisa, fomu ipo klabuni, ina muhuri. Mtu mwenye macho mazima, na akili nyingi, ametulia, ameangalia, ametoa pasi. Bei yake walianza kuitaja, na kila saa ilipanda.

Tulitolewa uwanjani ndani ya gari la polisi. Nilikaa ndani siku tatu. Wachezaji wenzangu hawakunipigia, isipokuwa mkabaji.

"Waambie ukweli," alisema.

"Nikiwaambia, mpira basi."

"Na usipowaambia?"

Nikakata simu. Nilisikia watu wakipita nje ya dirisha, na kila hatua zilipopunguza mwendo nilisogea mbali na kioo. Jiwe la kwanza lilitua kwenye bati jipya jioni ya siku ya pili. Baba hayupo, ndugu hawapo, ni mimi na mama tu, na mwanamume wa nyumba alikuwa amejibanza nyuma ya kabati la vyombo.

Siku ya tatu mama alirudi kabla ya adhuhuri, na mzigo wake wote kichwani. Akauweka chini, akakaa kwenye kigoda bila kuvua baibui.

"Leo mteja ameniambia ubani wangu una harufu ya hela ya goli," alisema. "Kwa hiyo nikuulize mwenyewe. Umekula hela za watu?"

"Hapana, mama."

"Niliona kwa jirani, kwenye televisheni. Walirudia mara tano. Ulimwangalia yule mtu, mwanangu. Ulimwangalia vizuri, ukampa."

"Nilikosea."

"Ulikosea vipi? Mtu mzima mwenye macho yake?"

Pale ndipo ilipokuwa nafasi. Neno lilikuwa mdomoni. Nikamwona anavyonitazama, na nikaogopa kwamba nikisema atasimama palepale aende kuliambia soko zima ili kunisafisha, na miaka miwili ya mkataba itakwisha kabla ya alasiri. Nikasema, "Jua." Akanyanyuka, akaingia chumbani kwake. Nilifanya hivyo: nilimwacha mama yangu aamini mwanawe ni mwizi, ili nisikose kazi ya kutetemeka mbele ya watu.

Alasiri hiyo katibu wa klabu alinipigia kuniita mbele ya kamati. Nilivaa kofia nikapita uchochoroni. Kikao kilikuwa uani, kwenye ua mrefu wa jengo la klabu, kwa sababu mashabiki walikuwa wengi na mwenyekiti hakutaka waseme mambo yamefichwa. Wanakamati walikaa nyuma ya meza, mashabiki wamesimama kando ya kuta.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mwenyekiti.

"Marahaba." Aliinua karatasi. "Hii ni fomu yako. Soma hapa."

Kitu kilicho karibu nakisoma bila taabu. "Macho mazima."

"Sasa nieleze kama mwanangu. Macho mazima, jezi mbili tofauti, mtu unampa mpira kwa hiari yako. Leo tunaandika barua kwa polisi na kwa shirikisho. Una neno?"

Nilitazama ua. Polisi. Sikuwa nimefikiria polisi. Moyoni nilimwona mama akipita pale sokoni na jina la mama wa mwizi mgongoni maisha yake yote.

"Sioni, mzee," nikasema.

"Huoni nini?"

"Mbali. Sioni mbali. Sijawahi kuona. Ile mistari ya kupimia niliikariri."

Ukuta mzima ukalipuka.

"Msomi huyo! Ana majibu!"

"Kesho atasema hana miguu!"

"Amesomea uongo huyu, tena kwa mkopo wa serikali!"

Mwenyekiti aligonga meza. "Nani alikukaririsha?"

"Niliwasikiliza waliotangulia, nikashika mwenyewe," nilisema. Mkabaji alikuwa amesimama kwenye ukuta wa kushoto, najua kwa sababu nilimsikia akikohoa. Sura yake sikuiona.

"Basi tujaribu," alisema mwenyekiti. Alitazama huku na huku. Alijua kwamba hao wa karibu ningeweza kuwatambua kwa sauti au kwa kimo, kwa hiyo akanyoosha mkono hadi mwisho wa ua, kwenye geti. "Pale kuna mtu amesimama. Ni nani?"

Niligeuka. Nilikaza macho mpaka yakatoa machozi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nataka nishindwe, na niliogopa kwamba nikishindwa watadhani naigiza, hivyo nikajitahidi kwelikweli.

"Ni mwanamke," nikasema. "Amevaa nyeusi."

"Mwanamke gani?"

"Sijui, mzee. Labda ni mama muuza karanga."

Hakuna aliyecheka. Nilisubiri kicheko, nikasikia badala yake pumzi za watu, na mtu mmoja upande wa kulia akisema taratibu, "La haula." Kile cheusi kilianza kuja. Kilikuja kikipata mikono, kikapata mwendo, na kabla hakijapata uso niliutambua mwendo.

"Wewe nani, mama?" aliuliza mwenyekiti.

"Mama yake," alisema mama. "Nilikuja kusikiliza kwa masikio yangu. Nimempungia mkono alipoingia, nikadhani ananionea haya."

Mwenyekiti aliiweka fomu chini. Alivua kofia, akaivaa tena. Mzee mmoja wa kamati, ambaye dakika chache nyuma alitaka nifungwe, alianza kutikisika mabega, na nilipodhani analia akaangua kicheko. Kikaambukiza. Ua mzima ulicheka, mashabiki wakashikana, mtu akasema, "Kumbe tulikuwa na kiungo bubu wa macho!" na mwingine, "Macho manne anatakiwa huyu, hata sita!" Walinicheka mpaka barua ya polisi ikachanwa. Kisha katibu akaandika nyingine, fupi, ya kuvunja mkataba, na nikaisaini pale pale nikiwa nimeiinamia kwa karibu. Watu wakapisha njia tukatoka.

Mama alitangulia hadi Mtaa wa Msimbazi. Bodaboda zilipita, wapiga debe wakaita, mtu mmoja kwenye duka la ndoo akanipungia, au labda alikuwa anafukuza vumbi. Mama akasimama katikati ya njia ya waenda kwa miguu, watu wakimkwepa.

"Tangu lini?"

"Darasa la sita."

"Darasa la sita." Alikuwa hatua kama ishirini mbele yangu, na uso wake ulikuwa doa. "Na mimi? Sura yangu unaiona?"

"Ukiwa karibu."

Akarudi. Alikuja mpaka nikaona mikunjo ya pembeni mwa macho yake, na unga wa bizari kwenye ukosi wa baibui.

"Haya. Hapa je?"

"Hapa nakuona."

"Unaona nini?"

"Umekasirika."

"Vizuri," alisema. "Twende."